Apa Pant: Mwanayoga aliyemkosesha mkoloni usingizi

KWA wakazi wa Likoni na Kisauni, si ajabu tena kumwona mtu ufuoni alfajiri, akiinama na kuinuka kulielekea jua linalochomoza huku pumzi zake zikienda sambamba na viungo vyake.

Wengi wapitao hapo huyachukulia hayo kuwa mambo ya watalii. Wengine huona ni ibada ya kigeni isiyowahusu, nao hushika njia yao kuelekea feri au kituo cha matatu.

Hata hivyo, zoezi hilo liitwalo Surya Namaskar kwa Kisanskriti, yaani kulisalimu jua, lina historia inayoigusa Kenya kwa karibu mno. Mmoja wa watu waliolitetea na kuliandikia kitabu aliishi nchini humu kati ya 1948 na 1954. Alijihusisha na wapigania uhuru kiasi kwamba serikali ya kikoloni haikutulia hadi alipoondoka.

Mtu huyo ni Apa Pant, mwana wa mfalme, wakili, mwanayoga na Kamishna wa kwanza wa India katika Afrika Mashariki.

Maisha yake yanafaa kusimuliwa wakati huu ambapo vijana wengi wanataka kujua yoga, hasa ile iitwayo Kundalini, ambayo sifa zake zimeenea kwa kasi katika mitandao. Anayeanza huahidiwa nguvu za ajabu na mwanga wa ghafla. Pant alifundishwa tangu utotoni kwamba yoga ni nidhamu ya kila siku, na kwamba anayejifunza kuitawala nafsi yake hawezi kuridhika kuona jirani yake akitawaliwa.

MWANA WA RAJA

Apa Pant alizaliwa Septemba 11, 1912 katika himaya ndogo ya Aundh, magharibi mwa India, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Maharashtra. Baba yake, Bhawanrao Pant Pratinidhi, alikuwa Raja wa Aundh tangu 1909.

Eneo hilo si geni kabisa kwa historia ya Mombasa bara. Katika mji wa Nashik, ulioko Maharashtra pia, wamishonari waliwalea na kuwasomesha Waafrika waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa katika karne ya 19.

Baadhi yao walirejeshwa pwani ya Afrika Mashariki na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Frere Town, Kisauni, mnamo 1875. Kitongoji hicho kilipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa Gavana wa Bombay. Kengele ya makazi hayo ndiyo iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake.

Tukirudi Aundh, Raja Bhawanrao alikuwa mtawala wa aina yake. Alipenda uchoraji, alijenga jumba la makumbusho, na alishughulikia afya ya raia wake kana kwamba ni hazina ya serikali.

Katika ujana wake, Raja alifuata mazoezi ya Eugen Sandow, mtunisha misuli aliyevuma Ulaya nzima. Baadaye aliyaacha akageukia kulisalimu jua, zoezi lisilohitaji chuma, kamba wala ukumbi.

Aliligeuza zoezi hilo kuwa sehemu ya masomo katika shule za himaya yake. Wavulana na wasichana walilifanya pamoja, naye Raja mwenyewe akalifanya kila siku hadi uzeeni. Mnamo 1938 kitabu chake kuhusu zoezi hilo kilichapishwa London, nacho kikawafungulia wasomaji wa Uingereza mlango wa jambo ambalo wengi wao hawakuwa wamelisikia.

Huo ndio uwanja aliolelewa Apa. Kwake yoga haikuwa siri ya mapangoni wala fumbo la watawa, bali jambo la asubuhi kama kuoga na kupiga mswaki.

KUNDALINI NI NINI?

Hapa yafaa tueleze uhusiano wa zoezi hilo na Kundalini, kwani anayeanza huchanganyikiwa na wingi wa majina.

Neno Kundalini linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya kitu kilichojikunja kama pete. Katika mafundisho ya kale ya India, mwanadamu ana nguvu iliyolala chini ya uti wa mgongo, nayo huchorwa kwa mfano wa nyoka aliyejiviringisha.

Lengo la mwanayoga, kwa mujibu wa mafundisho hayo, ni kuiamsha nguvu hiyo ipande polepole kupitia vituo kadhaa vya mwilini viitwavyo chakra, hadi ifike utosini. Hapo ndipo anaposemekana kupata utambuzi kamili wa nafsi.

Wataalamu wa tiba hawajawahi kumwona nyoka huyo wala kuvipima vituo hivyo. Ni lugha ya mafumbo ya kiroho, na yapasa ichukuliwe hivyo. Kinachoweza kuonekana ni nyenzo zinazotumika, yaani pumzi, sauti, mkao wa uti wa mgongo na utulivu wa fikra.

Nyenzo hizo ndizo pia zilizotumika Aundh. Katika kulisalimu jua kwa mtindo wa Raja, kila mkao uliendana na kuvuta, kuzuia au kutoa pumzi, na kabla ya kila mzunguko mtendaji alitamka silabi fupi za Kisanskriti zilizoaminiwa kutikisa koo, kifua na tumbo.

Tofauti ipo katika mkazo. Kundalini huelekeza macho kwenye kuamka kwa nguvu ya ndani. Aundh ilielekeza macho kwenye afya, uchangamfu na uraia mwema, ikaacha mengine yaje yenyewe.

Kundalini inayojulikana zaidi ulimwenguni leo ilienezwa Marekani kuanzia 1969 na Harbhajan Singh Puri, maarufu kama Yogi Bhajan, aliyezaliwa Punjab mnamo 1929 na kufariki 2004. Miaka 16 baada ya kifo chake, uchunguzi ulioagizwa na mashirika yaliyotokana na kazi yake ulihitimisha kwamba madai ya wanafunzi wake kuhusu unyanyasaji wa kingono yalielekea kuwa ya kweli.

Tukio hilo ni onyo kwa kila anayeanza. Mwalimu anayedai kuzishika funguo za nguvu zako za ndani anaweza kuutumia ufunguo huo vibaya. Apa Pant alitoka katika mkondo mwingine, ambapo zoezi lilikuwa mali ya wote na halikuhitaji mtu wa kuabudiwa.

RAJA ALIYEACHA KITI

Apa alipelekwa Uingereza kusoma Oxford na kisha akahitimu uwakili London. Aliporejea nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1930, India ilikuwa ikichemka kwa harakati za kumng’oa Mwingereza.

Ndipo lilipotokea jambo lililowashangaza wengi. Raja Bhawanrao, akishauriana na mwanawe pamoja na mhandisi kutoka Poland aliyeitwa Maurice Frydman, aliamua kuwakabidhi raia wake madaraka ya utawala.

Ujumbe ulikwenda kwa Mahatma Gandhi kumwomba ushauri. Katiba iliyotokana na mashauriano hayo ilianza kutumika 1939, ikavipa vijiji 72 vya Aundh uwezo wa kuchagua mabaraza yao na kujiamulia mambo. Apa akawa waziri katika serikali hiyo mpya, na baadaye waziri mkuu.

Katika himaya hiyo hiyo ilianzishwa pia gereza lisilo na kuta wala minyororo, ambamo wafungwa waliishi na familia zao wakalima. Jaribio hilo lilikuja kuwa chimbuko la filamu mashuhuri ya Kihindi, Do Aankhen Barah Haath, ya mwaka 1957.

Ni muhimu kuona jinsi mambo haya yanavyofungamana. Neno alilolitumia Gandhi kudai uhuru, swaraj, lina maana ya kujitawala. Kwake, taifa lisingeweza kujitawala ikiwa raia wake ni watumwa wa hofu, ulafi na hasira zao.

Kwa watu wa Aundh, hoja hiyo haikuwa nadharia tu. Mtoto aliyeamka mapema shuleni kuitawala pumzi yake ndiye aliyetarajiwa kesho kuketi katika baraza la kijiji na kuutawala ulimi wake.

Mnamo Machi 1948, Aundh iliunganishwa na India huru na himaya ikafikia kikomo. Apa Pant, akiwa na umri wa miaka 35, hakuwa tena waziri mkuu wa mahali popote. Waziri Mkuu wa India, Jawaharlal Nehru, akamtwika mzigo mwingine.

KUINGIA KENYA

Msafiri aliyetoka Bombay kwa meli enzi hizo alishukia Kilindini. Kutoka hapo gari la moshi lilimvusha Makupa na kumwingiza bara kupitia Changamwe, kabla ya kuanza safari ndefu kuelekea Nairobi.

Reli hiyo ilijengwa kuanzia 1896 kwa jasho la maelfu ya vibarua kutoka India pamoja na wenzao Waafrika. Nusu karne baadaye, wajukuu wa vibarua na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na maduka kote nchini, huku Mwafrika akibaki ngazi ya mwisho.

Mombasa yenyewe ilikuwa imetikisika si muda mrefu. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli na sekta nyinginezo waligoma kwa siku kadhaa wakidai mishahara ya kuwatosha kuishi. Serikali ililazimika kuzisikiliza hoja zao kuhusu malipo na makazi.

Katika mazingira hayo Pant alifika 1948 kuwa Kamishna wa India katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi.

Msimamo wa Nehru ulikuwa bayana. Wahindi walioko Afrika walipaswa kujiona wageni wa Waafrika, kuyatanguliza maslahi ya wenyeji na kutotafuta upendeleo wa mkoloni. Pant aliupokea msimamo huo kama mtu aliyekwisha kuuishi kwao Aundh.

Badala ya kujifungia katika karamu za maafisa na walowezi, aliwatafuta viongozi wa Kiafrika. Alijenga urafiki na Jomo Kenyatta, Mbiyu Koinange na wengine wa chama cha KAU. Nyumba yake ikawa mahali ambapo Mwafrika, Mhindi na Mzungu waliweza kuketi meza moja, jambo lililokuwa nadra katika nchi iliyogawa hoteli, shule na hata makaburi kwa rangi.

Aidha, alihimiza mpango wa serikali ya India wa kuwapa vijana wa Kiafrika ufadhili wa masomo katika vyuo vikuu vya nchi hiyo. Wakati huo Kenya haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na nafasi za Makerere zilikuwa chache.

Alikuwa pia mstari wa mbele katika juhudi za Wahindi wa Afrika Mashariki kuchangisha fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka Gandhi, aliyeuawa Januari 30, 1948. Sharti kuu lilikuwa kwamba chuo hicho kiwapokee watu wa rangi zote.

Mradi huo hatimaye uliunganishwa na Royal Technical College mjini Nairobi. Chuo hicho ndicho kilichokua na kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Sanamu ya Gandhi iliyozinduliwa hapo mnamo 1956 na Makamu wa Rais wa India, Sarvepalli Radhakrishnan, ni ushahidi wa mchango huo.

DHORUBA YA 1952

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, Kenyatta na wenzake walikamatwa na kupelekwa Kapenguria. Macho ya serikali yaligeuka pia kumwelekea Kamishna wa India.

Nehru alimtuma wakili Diwan Chaman Lall kujiunga na jopo la utetezi lililoongozwa na D. N. Pritt. Mawakili wa Kihindi waliokuwa Kenya, akiwemo A. R. Kapila, nao walisimama na washtakiwa.

Mnamo 1953 Joseph Murumbi, aliyekuwa katika uongozi wa KAU na ambaye alisomea India utotoni, aliondoka nchini kwenda India kuitetea Kenya, Pant akiwa miongoni mwa waliomsaidia. Murumbi huyo ndiye aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966.

Walowezi walimwona Pant kuwa mchochezi. Hata baadhi ya wafanyabiashara wa Kihindi walinung’unika, wakihofia kwamba ujasiri wake ungewaponza wao waliokuwa na maduka ya kupoteza.

Serikali ya Uingereza ililalamika kwa Delhi ikitaka aondolewe. Mnamo 1954 Pant aliondoka Kenya, akatunukiwa nishani ya Padma Shri na serikali yake mwaka huo huo.

Kwa jicho la haraka, huenda mtu akasema alishindwa. Aliondoka vita vikiendelea msituni, Kenyatta akiwa kifungoni na maelfu ya Wakenya wakizuiliwa kambini. Lakini urafiki aliouacha ulidumu. Kenya ilipopata uhuru 1963, India haikuwa na kazi ya kujitambulisha.

BAADA YA KENYA

Pant alitumwa Sikkim, chini ya milima ya Himalaya, akawa karibu na mambo ya Tibet na walimu wake wa Kibuddha. Baadaye aliiwakilisha nchi yake Indonesia, Norway, Misri, Uingereza na Italia.

Alikuwa Cairo vita vya Juni 1967 vilipozuka. Alikuwa London kuanzia 1969 hadi 1972, kipindi ambacho Wahindi wengi wa Afrika Mashariki wenye pasi za Uingereza walikuwa wakihamia huko, wengine wakipokewa kwa chuki. Baadhi yao walitoka katika jamii zile zile alizozisihi miaka ya 1950 zifungamane na Waafrika.

Katika misukosuko hiyo yote hakuliacha zoezi la baba yake. Mnamo 1970, akiwa balozi, alichapisha kitabu kuhusu Surya Namaskar, na miaka ya baadaye akaandika kumbukumbu za maisha yake na historia ya jaribio la Aundh. Alifariki Oktoba 1992 akiwa na umri wa miaka 80.

KWA ANAYEANZA

Je, mkazi wa Mtongwe, Bombolulu au Magongo anayetaka kuanza atajifunza nini kutokana na maisha haya?

Kwanza, hahitaji mali. Zoezi la Aundh lina mikao kumi, nalo linatosha katika nafasi ya mkeka mmoja, hata ndani ya chumba cha kupanga.

Mtendaji husimama wima, viganja vikiwa pamoja kifuani. Huinama akagusa sakafu, akarudisha mguu mmoja nyuma, kisha wa pili. Hushuka hadi viungo vinane viguse chini, yaani nyayo mbili, magoti mawili, viganja viwili, kifua na paji la uso.

Kutoka hapo huinua kifua, kisha nyonga, akaleta mguu mmoja mbele, halafu wa pili, na kusimama tena. Kifua kikifunguka huvuta pumzi, mwili ukikunjwa huitoa.

Pili, haraka haina baraka. Aanze na mizunguko michache, tumbo likiwa tupu, na aongeze kidogo kidogo. Mja mzito, mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au maumivu ya mgongo amwone daktari kwanza, na asijaribu kuzuia pumzi kwa nguvu kama wanavyofanya baadhi ya walimu wa Kundalini. Akihisi kizunguzungu, aache mara moja na kuketi.

Tatu, ni suala la imani, ambalo halipuuzwi pwani. Muislamu au Mkristo huenda akauliza iwapo kuinama mbele ya jua ni kulisujudia. Swali hilo limeulizwa kwingine pia. Novemba 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga kwa hofu ya kuchanganya mazoezi na ibada ya Kihindu, na siku chache baadaye Waziri Mkuu Abdullah Ahmad Badawi akaeleza kuwa mazoezi ya mwili pasi na maneno ya ibada hayana tatizo.

Baadhi ya wanahistoria wanasema mfumo huu wa mazoezi, jinsi unavyojulikana leo, ulipata sura yake katika karne ya 20, ukikopa pia kutoka mazoezi ya wapiga mieleka wa India. Anayetaka anaweza kuchukua mikao na pumzi, akaziacha silabi, na akaelekea upande wowote. Mwenye shaka amuulize kiongozi wake wa dini.

Mnamo Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza 2015. Siku hiyo picha huwa nyingi. Pant angependelea Juni 22, na siku inayofuata, na nyingine baada ya hapo, mtu akiendelea na zoezi lake hata pasipo mpiga picha.

Na akisha kulimaliza, amwangalie jirani yake. Mwana huyu wa Raja aliamka kila asubuhi akainyosha migongo yake mwenyewe, kisha akatoka nje kusimama na watu waliokuwa wamepindishwa migongo yao na ukoloni. Kwa kipimo hicho, yoga ya mtu hupimwa kwa namna anavyoishi na wenzake mchana kutwa, awe amehisi nyoka akipanda mgongoni au hakuhisi chochote.